Kuhamisha Nyumba za Kale
(Hotuba iliyotolewa Kiwanjani, Isiolo)



Kuhama na nyumba si jambo geni kwetu. Mama wa Kiborana huifungua nyumba yake, akapakia fito na majamvi juu ya ngamia, na penye malisho akaisimamisha tena ile ile.

Nyumba ya mawe haihamiki hivyo. Ikibomolewa bila mpango huwa kifusi, na habari zake hupotea. Kwa sababu hiyo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yakataza mtu kuondoa au kubadili jengo la kale linalolindwa, asipokuwa na kibali. Nao wataalamu waliokutana Venice mwaka 1964 waliafikiana kwamba jengo lisitengwe na mahali pake, ila kwa kuliokoa au kwa haja kubwa ya taifa au ya kimataifa.

Huko Abu Simbel, Misri, maji ya bwawa la Aswan yalitishia mahekalu ya kale. Kati ya 1964 na 1968 yalipimwa, yakakatwa vipande vyenye nambari, yakajengwa upya yapata mita 65 juu.

Basi, tuombe kibali, tupime, tuandike. Nyundo ije mwisho. Jiwe lisilo na nambari halijui kwao.