Sema Kasoro Kabla ya Kupokea Pesa

(Mawaidha yaliyotolewa Mathare mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri, kumi la mwisho la Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazazi wetu mliotuheshimu kwa kuja. Usiku tunatafuta Laylatul Qadr, mchana tunatafuta nguo za Idd. Mlango Kubwa, Huruma, Eastleigh, Gikomba, kote meza zimejaa. Wengi wenu mnasimama nyuma ya meza hizo, na hiyo ni kazi ya heshima. Leo nataka tuzungumze jambo moja tu: ile kasoro ambayo muuzaji anaijua na mnunuzi haijui.

Nitaanza na nafsi yangu. Ujanani niliuza viatu vya mitumba. Kiatu cha "kamera" hujiuza chenyewe. Kazi iko kwenye kile kilichopasuka, na hapo mimi nilikuwa bingwa. Gundi kwenye soli, nta kwenye ufa, rangi nyeusi juu, kitambaa, kinang'aa. Mama mmoja akamnunulia mwanawe kiatu cha Idd. Hakuuliza, nami sikusema. Asubuhi ya Idd nikamwona yule mtoto uwanjani, kanzu nyeupe, kiatu kimoja mguuni, kingine amekishika mkononi, soli inaning'inia. Mama yake aliniona, hakusema neno. Watu wanaleta takbiri, mimi siwezi kuinua macho.

Sasa sikilizeni vizuri. Kutia gundi si dhambi. Fundi anayeokoa kiatu anakula halali yake. Dhambi yangu ilikuwa kunyamaza. Ningesema, "Mama, hapa pamegundishwa, ndiyo maana bei ni hii," angechagua mwenyewe.

Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni Madina. Alipita kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, yule akajibu kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Jamani, hilo ni neno zito kwa mtu aliyefunga.

Kulikuwa na ujanja mwingine zamani. Mtu akitaka kuuza mbuzi au ngamia, alimwacha siku kadhaa bila kumkama, chuchu zimefungwa, kiwele kijae. Mnunuzi anaona maziwa tele, kumbe ni ya siku nyingi. Mtume alikataza, na akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi moja ya tende kwa maziwa aliyokama. Basi niambieni, kile kiwele na simu iliyotiwa kioo kingine ikaingizwa kwenye boksi la mpya vina tofauti gani? Au gari ambalo mita yake ya kilomita imerudishwa nyuma?

Na anayeumia ni nani? Mwaka 2012, mwisho wa Septemba, Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilipoagiza simu bandia zizimwe, aliyebaki na simu iliyokufa mkononi ni mnunuzi. Muuzaji pesa alishazila.

Najua kuna anayesema moyoni: Ustadh, ni njaa ya Mathare hii. Sawa, tuwatazame basi wasiokuwa na njaa. Marekani kuna watu wanaokusanya kadi ndogo za picha za wanamichezo, na kadi ya zamani iliyo safi huuzwa kama dhahabu. Mojawapo ni ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyotoka kati ya 1909 na 1911. Mwaka 1991 iliuzwa dola 451,000, na mwaka 2007 dola milioni 2.8. Sifa yake kubwa ilikuwa kingo zilizonyooka. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja mkubwa wa minada, Bill Mastro, akakiri mahakamani kwamba ni yeye aliyezikata kingo zile, na hakusema. Tena katika minada yake bei zilipandishwa kwa wanunuzi wa uongo. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Huyo hakuwa na njaa. Na huko kupandisha bei kwa uongo, wanazuoni wetu wanakuita najshi, na Mtume alikukataza zamani. Hapa kwetu ni yule rafiki unayempanga asimame mezani aseme, "Nipe mimi, naongeza mia mbili," na hana haja na kitu.

Basi tufanyeje? Kwanza, sema kasoro kabla ya kupokea pesa, hata kama hukuulizwa. Kusema "nauza kama ilivyo" hakukuokoi ikiwa unaijua ila na umeinyamazia. Pili, mteja akirudi na kasoro uliyomficha, usimfukuze. Kurudisha ni haki yake, si hisani yako. Tatu, ukiwa umeshadhulumu, istighfari peke yake haitoshi. Haki ya mja hurudishwa kwa mja.

Mimi baada ya Idd ile nilimtafuta yule mama nyumba kwa nyumba. Nilimrudishia pesa zake. Alizipokea, akaniambia, "Sasa nenda kamwombe radhi mtoto." Nikaenda. Kumwomba radhi mtoto wa miaka saba ni kuzito, ndugu zangu, lakini siku ile nililala.

Mtume ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha, baraka hufutwa. Siku za kuuza zimebaki chache. Kesho ukipanga meza, ile iliyolowa iweke juu.

Allah atukubalie funga zetu, atupe riziki ya halali na atusamehe tuliyoyaficha. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.