Mbegu Iliyo Juu ya Meko



Twasikia habari za Maaskofu na Mapadre waliotutangulia, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini leo twataka kusema habari za mahali padogo kuliko kanisa, yaani jikoni.

Kila mtu wa Handeni ajua desturi hii. Baada ya mavuno mama huchagua mahindi yaliyo mema, wala hayapukuchui, bali huyafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko, ili moshi uyapate na fukusi wasiyaharibu. Hiyo ndiyo mbegu, nayo hungoja mvua ya vuli au ya masika. Kuitunza mwaka wa shibe si kazi. Kazi ni mwaka wa njaa.

Na nchi yetu yaijua njaa. Mwaka 1891 Biblia nzima ilipigwa chapa kwa Kiswahili cha Unguja. Mwaka 1894 nzige wakaingia, na watu waliokuwa wamejifunza kuomba mkate wa kila siku wakaomba hali hawana mkate. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini Handeni haikufika. Kwa hiyo akina baba walishika njia kwa miguu, wakavuka mto Pangani, kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Mama alibaki na watoto, na mbegu juu ya meko.

Sisi nasi tuliyaona hayo nyumbani kwetu tulipokuwa watoto. Mvua ya vuli ilikosa. Baba alikuwa Korogwe, na habari zake hazikuja. Jioni moja mdogo wetu alilia hata sauti ikamkauka, nasi tukasema, "Mama, si mahindi yale pale juu?" Mama akanyamaza. Kisha akateremsha hindi moja, akapukuchua nusu, akampikia mtoto. Nusu ya pili akairudisha mahali pake. Sisi wakubwa tulipewa mboga za porini. Twakiri leo kwamba tulimwona mgumu wa moyo, tukalala tumempa kisogo.

Masika ilipoanza, akapanda. Mvua ikakatika, miche ikanyauka. Ndipo akaenda tena jikoni, kwa maana hakuwa amepanda mbegu yote. Alipanda mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Mahindi mabichi ya kwanza hayakuliwa na mtu hata yalipokwisha pelekwa kanisani.

Ndugu zetu, imani si kusema kwamba hakuna njaa. Mama yetu aliijua njaa kuliko sisi, maana chakula chake alitupa sisi. Upendo ulimlisha mtoto usiku ule, na tumaini likaitunza nusu iliyobaki; vyote viwili vilitoka katika hindi moja. Bwana wetu naye alipotaka kutuonyesha mauti yake na uzima wake, alinena habari za punje iangukayo katika nchi.

Wala tusimhukumu aliyekula mbegu yake yote. Pengine hakukosa imani, alikosa jirani. Basi aliye na mbegu ampe asiye nayo kabla mvua haijanyesha, maana mbegu iliyochelewa haina faida.

Siku hizi wengi wetu twanunua mbegu dukani, na watoto wetu wako mbali mjini. Lakini sala ya jioni pamoja na watoto, na msamaha kabla ya kulala, ni mbegu zisizouzwa dukani. Tuzitundike mahali pa moto wa nyumba zetu, tusizile zote siku za shida, ili wajao wapate cha kupanda.

Mungu abariki mashamba yetu na meko yetu. Amina.