MANENO YA KATIBU JUU YA MATAIRI YA BAISKELI ZA USHIRIKA

(Aliyasema kwenye mkutano wa wanachama, chini ya mwembe. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale wanaotaka kuyasoma tena.)



Leo sina maneno marefu. Nimeomba nafasi niseme juu ya matairi. Najua wengine mtacheka, mtasema Katibu amekosa la kusema. Lakini jamani, baiskeli mbili za ushirika ndizo zinazopeleka maziwa barabarani asubuhi, na ndizo zinazompeleka mgonjwa zahanati usiku. Tairi likituangusha, si chuma kinachoumia, ni mtu.

Kwanza nikiri kosa. Mnakumbuka kijana wetu wa maziwa alikuja mbele ya kamati, akasema tairi la nyuma limevimba ubavuni. Mimi ndiye niliyesimama nikasema, "Bado zima hilo. Lifunge mpira, liendelee." Nikatoa na methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wakapiga makofi, tukaona tumeokoa fedha. Wiki ya pili yake, kijana alikuwa amempakia mama mjamzito kwenye keria. Kwenye mteremko wa mtoni tairi likapasuka. Kijana akavunjika mkono. Yule mama akamalizia safari kwa miguu, akajifungua salama, tunamshukuru Mungu. Kosa lilikuwa langu, si la kijana wala la baiskeli. Nilikwenda kwao kumwomba radhi. Leo namwomba radhi tena mbele yenu.

Baada ya hapo nikaenda kukaa na fundi, nikamwambia, "Ndugu yangu, nifundishe kama unavyomfundisha mtoto." Aliyonifundisha niliyaandika katika daftari langu la kisomo. Nawasomea.

Moja. Kipara peke yake si ugonjwa. Wengi tunadhani tairi likiisha mistari limekufa. Si kweli. Kwenye njia ngumu, kavu, tairi laini hushika vizuri tu. Kwenye tope ndiko mistari inakohitajika, kwa hiyo masika ujihadhari nalo. Lakini usilitupe kwa sababu ya kipara tu.

Mbili. Tafuta nyuzi. Ndani ya mpira wa tairi kuna nyuzi zilizofumwa kama kitambaa. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba upepo na mzigo. Mpira wa juu ni ngozi ya kuzikinga. Ukiona nyuzi zimetokeza katikati pale linapokanyaga, ngozi imekwisha. Tairi hilo halingoji mkutano ujao. Badilisha.

Tatu. Uvimbe. Huo ndio ulionishinda mimi. Uvimbe maana yake nyuzi za mahali pale zimekatika, na tyubu inasukuma kutoka. Kufunga mpira kwa nje hakurudishi nyuzi. Ipindue baiskeli, zungusha gurudumu, shika kijiti karibu na tairi bila kukigusisha. Penye uvimbe patakigonga kijiti. Lakini tazama na rimu: ikiwa rimu nayo inayumba, huenda shida ni spoku au rimu imepinda, siyo tairi. Mpelekee fundi.

Nne. Nyufa na mikato. Nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu huletwa na jua na umri. Hizo peke yake si amri ya kununua, ni onyo la kulichunguza mara kwa mara. Mkato ni jambo jingine. Toa upepo, likunje tairi kwa vidole, mkato ufunuke. Ukiona nyuzi zimekatika ndani yake, limekwisha. Kadhalika ukiona waya wa ukingoni umekatika au umechomoza, usibishane: tairi litatoka kwenye rimu.

Tano. Sikiliza pancha zinasema nini. Pancha nyingi si lazima tairi bovu. Ukikuta matundu mawili sambamba kwenye tyubu, mara nyingi upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa na rimu ulipogonga jiwe. Dawa yake ni pampu. Tundu likiwa upande wa rimu, tazama ncha za spoku. Likiwa upande wa nje, pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Mwiba uliobaki utakinasa. Usipitishe kidole, utachomwa. Lakini ikiwa miiba midogo inapenya kila siku, leo hapa kesho pale, basi tairi limekuwa jembamba, na viraka mnavyonunua ni bei ya tairi jipya mnayolipa kidogo kidogo.

Sita. Tairi la nyuma huisha upesi, kwa sababu linabeba uzito zaidi na ndilo linalosukuma. Lakini la mbele likipasuka, usukani unakuponyoka. Kwa hiyo tukinunua tairi moja jipya, liwekwe mbele, na la mbele kama bado zima lihamie nyuma. Hapo hata mimi nilibisha kwanza.

Saba. Someni namba ubavuni. Hapa ndugu zangu wa kisomo mtafurahi. Mkienda dukani msiseme tu "nipe tairi la ishirini na sita." Tairi la 26 x 1 3/8 halikai kwenye rimu ya 26 x 1.75, ingawa yote yanaanza na 26. Andikeni namba yote kwenye karatasi, muende nayo. Sehemu zile tulizokuwa tukinung'unika nazo darasani, kumbe kazi yake ni hii.

Na je, likipasuka njiani? Weka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kati ya tyubu na mpasuko, tia upepo kiasi, shusha mzigo, rudi nyumbani polepole. Hiyo ni ya kukufikisha tu. Si ya kubebea mtu.

Utunzaji mnaujua: lisilale juani, lisiguse mafuta wala mafuta ya taa, na lisipakiwe gunia upepo ukiwa mdogo.

Basi naomba mkutano ukubali mambo matatu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baiskeli za ushirika zipinduliwe hapa chini ya mwembe, zitazamwe mbele ya watu, na yaliyoonekana yaandikwe kwenye daftari. Pili, anayeiendesha akisema tairi bovu, baiskeli isimame mpaka itazamwe. Kamati isimshinde kwa methali. Tatu, tairi jipya moja linunuliwe wiki hii, kwa sababu baiskeli ya pili nimeipindua jana, na nyuzi nimeziona kwa macho yangu.

Methali yetu ni ya kweli, lakini ni ya ukuta. Ufa wa tairi una kikomo cha kuzibwa.



Katibu

(Mkutano uliyakubali yote matatu. Tairi limenunuliwa, limewekwa mbele.)