Deni la Maji Halilipwi kwa Kufuli

*Hotuba ya msimamizi wa wadi kwa wenye nyumba na wapangaji, Kaunti ya Mombasa*



Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi mmoja, mita moja ya maji. Bili huja kwa jina la mwenye nyumba, na isipolipwa, hukatiwa nyumba nzima. Mpangaji mmoja akikwepa, watano waliolipa wanakaa bila tone. Ndiyo maana ugomvi wa bili hauishi.

Mwenye nyumba, usimkatie mpangaji maji, usimtie kufuli mlangoni, wala usishike godoro lake. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Sheria ya kukamata mali ya mpangaji, Sura ya 293, ni ya deni la kodi, na hata hapo kazi ni ya dalali mwenye leseni. Ukijichukulia sheria mkononi, wewe uliyekuwa ukidai utageuka mshtakiwa, na deni litabaki palepale.

Nawe mpangaji, haki ya maji si maji ya bure. Mama aliyejenga vyumba vile ili ale uzeeni hawezi kukulipia ufuaji wako.

Tufanyeje basi?

Kwanza, andikianeni siku ya kuingia: nani analipa, tarehe gani, na bili inagawanywaje. Bili ya Sh3,600 kwa vyumba sita ni Sh600 kila chumba, lakini anayeishi peke yake atanung'unika akimwona jirani ana watoto watano. Nyumba ikiwa na watu 18, gawanyeni kwa vichwa: Sh200 kila mtu. Palipo na mabomba tofauti, kila mmoja awekewe mita yake ndogo. Kama amana itafidia bili, liandikwe hilo pia.

Pili, bandika bili yenyewe ukumbini. Mtu hulipa kwa moyo anachokiona. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Bili ikipanda ghafla, kabla ya kulaumiana fungeni mabomba yote usiku na msome mita. Asubuhi ikiwa imesonga, kuna bomba linalovuja.

Tatu, zungumzeni deni likiwa la mwezi mmoja, si la miezi sita. Aliyepoteza kazi apewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, kwa tarehe zilizoandikwa. Kila malipo yawe na risiti, na ujumbe wa M-Pesa usifutwe.

Nne, mkishindwa, nendeni kwa mzee wa mtaa au chifu. Ikishindikana huko, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo ndipo makubaliano yenu na risiti zitakapowafaa.

Ofisi ya wadi iko wazi kwa mashauri haya. Ombi langu ni moja: mje wote wawili, anayedai na anayedaiwa, na bili mkononi.