Taa Nyekundu Ilizimika, Betri Ikafa



Nimeombwa niseme juu ya elimu na maisha. Mtaniwia radhi, nitasema juu ya pikapu ya marehemu baba, Toyota Hilux ya mwaka 1977, ambayo regulita yake imefungwa peke yake, nje ya altaneta.

Usiku mmoja nilikuwa nampeleka mama hospitali, naye anahema kwa shida. Mlimani taa za mbele zikafifia zikawa kama kibatari, kisha injini ikazimika. Tulisukumwa na wapita njia, tukafika alfajiri. Mama alipona. Aliyoniambia sitayarudia hapa.

Betri ilikuwa mpya. Nikanunua na altaneta. Fundi mmoja akaijaribu kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma, jambo ambalo vijana msilifanye kamwe, kwani volti hupanda ghafla zikaunguza dayodi. Hali ikabaki ile ile.

Kilichonipoteza ni ile taa nyekundu ya dashibodi. Kila nikiwasha gari ilizimika, nami nikaamini betri inachajiwa. Kumbe huzimwa na relei iliyomo ndani ya regulita, inayovutwa na umeme wa waya N, nayo hutosheka na volti chache tu. Kuzimika kwake ni dalili kwamba altaneta inatoa umeme. Si dalili kwamba unatosha.

Hatimaye nikaikumbuka maabara ile pale, na mwalimu wetu wa fizikia aliyetukataza kubahatisha kabla ya kupima. Nikaazima mita. Betri ikiwa imepumzika, volti 12.5. Injini ikienda, 12.1, badala ya 14 na kidogo. Nikachomoa soketi ya regulita, nikaunganisha waya F na B kwa sekunde chache tu, injini ikienda polepole. Volti zikapanda mpaka 15. Basi altaneta ni nzima, na ile niliyoitupa huenda ilikuwa nzima pia!

Nikarudisha soketi, nikapima waya IG, unaolisha sumaku ya altaneta kupitia regulita: volti 8. Nne zimepotelea njiani. Nikaufuata waya mpaka kwenye sanduku la fyuzi. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na vishikio vyake vimeota kutu ya kijani. Nikasugua kwa msasa, nikaweka fyuzi mpya. Mita ikasoma 14.2.

Fyuzi ile haifiki bei ya soda. Altaneta ilikula karibu mshahara wangu wa mwezi.

Nani aliiweka karatasi ile? Mama asema ni mimi, likizo ya Kidato cha Nne. Sikumbuki.

Gari liko nje, chini ya mwembe. Vijana wa Kidato cha Tatu, mita ninayo.