Karatasi ya Mtoto Mbele ya Siku 90

Maneno ya mtunza sanduku wa chama chetu mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Lubumbashi. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.



Mmezoea kunisikia nikisoma hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani hajalipa. Leo hesabu mmepewa pa mlango, kila mtu ataisoma mwenyewe, na maulizo nitajibu kisha. Mimi nasimama kwa neno moja tu, na ninajua halitapendeza wote. Ninaomba kipande cha mchango wetu wa kila mwezi kisiende tena ku kilio. Kiende ku karatasi za watoto wetu.

Mbele ya mtu kuniuliza kama nimechoka kuzika, niacheni nianze na kilio cha nyumbani kwangu.

Mwaka juzi mama yangu alikufa. Mnakumbuka, maana mlikuja wote. Sanduku lilipatikana siku ileile. Gari lilipatikana. Ba mama walipika bukari na sombe siku tatu, hakuna mgeni aliyelala njaa. Asubuhi ya pili, wanaume watatu wa chama walienda komini kutafuta karatasi ya ruhusa ya kuzika, maana bila ile karatasi hakuna mtu anazikwa mu muji huu. Mbele ya saa sita walikuwa wamerudi nayo. Kwa hiyo nilisema asanti, na leo ninarudilia: asanti sana.

Lakini mu lupango ile ile, siku zile zile, kulikuwa mtoto wa siku tisa. Ni mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu. Ba mama walikuwa wanapokezana kumbeba mgongoni ili mama yake alale kidogo. Wale wanaume watatu walipofika komini, walisimama karibu na mlango ambamo wanaandika watoto wanaozaliwa. Hakuna aliyewatuma waulize. Hata mimi sikuwatuma. Tukazika, tukaondoa kilio, watu wakarudi kwao, na siku 90 zikapita. Leo mtoto ana miaka miwili, anakimbia, anaita kila mtu jina lake. Ku vitabu vya serkali hajazaliwa.

Mtu anaweza kusema: mama, ulikuwa na huzuni, usijilaumu. Ni kweli, nilikuwa na huzuni. Lakini kati yetu wote, mimi njo nilipashwa kukumbuka kuliko wengine, na nitawaambia sababu.

Wengi wetu hapa tulivuka kuenda Zambia mu Desemba 2000, wakati Pweto ilianguka. Wengine mlitangulia, mlifikia Mwange tangu 1999. Mimi nilifikia Kala, upande wa Kawambwa, na yule binti mgongoni. Kijana wangu alizaliwa kule kule mu kambi, mwaka 2005. Tulirudi 2009 na malori ya HCR, tukapitia Lunkinda. Mkononi nilikuwa na karatasi mbili za yule kijana: ile ya HCR ya kurudi kwa mapenzi, na kadi ya kliniki ya Zambia ambamo walikuwa wanaandika uzito na chanjo. Nilizifunga mu plastiki, nikazilinda kuliko nguo zangu. Nilifikiri: mtoto wangu ana karatasi.

Hakuwa nayo. Ile ya HCR inaonyesha kwamba ulirudi. Ile ya kliniki inaonyesha kwamba ulipimwa. Hakuna hata moja inayoshuhudia, mbele ya serkali ya Kongo, kwamba mtoto huyu ni wa fulani na fulani, alizaliwa siku fulani. Na tena, ku kadi ya Zambia waliandika jina lake na «Ch». Ku masomo hapa wakaliandika na «Tsh». Sisi tulicheka tu. Tulisema ni jina moja.

Kijana alisoma. Alimaliza, alipata diploma ya Serkali. Kisha kampuni moja ikamkubali kujifunza kazi ya kutengeneza magari makubwa. Wakamuomba akti ya kuzaliwa, yenye jina sawa na la diploma, katika siku kumi. Tulianza kukimbia: komini, tribinali, mashahidi, kurudi komini. Karatasi ilitoka kisha miezi. Nafasi ilikuwa imekamatwa na mwingine, na siwezi kumlaumu mtu, walikuwa wametupa siku. Leo anaendesha moto ya mtu mwingine hapa mu Katuba, na jioni anarudisha feza ya mwenye moto mbele ya kula.

Hiyo njo sababu ninasema nilipashwa kukumbuka. Niliona ya kijana, na mjukuu bado akanipita mu macho, mu lupango yangu mwenyewe, kwa sababu siku zile wote tulikuwa tunaangalia sanduku.

Sasa nieleze sheria kidogo, maana wengi tunachanganya.

Mtoto akizaliwa, maternite inatoa karatasi. Ile si akti. Ile inasema tu kwamba munganga aliona mtoto akizaliwa. Mzazi anapashwa kuikamata na kuipeleka ku ofisi ya eta sivili ya komini, na kule njo wanaandika mtoto mu kitabu na kutoa akti. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilitupa siku 30. Ilipogeuzwa mu Julai 2016, siku zikawa 90. Mbele ya siku 90, kuandikisha ni bule. Baba anaweza kuenda, mama anaweza kuenda. Msingojee baba arudi kutoka Kolwezi.

Siku 90 zikipita, komini haiwezi tena kuandika yenyewe. Lazima kupitia tribinali, upate hukumu ambayo inakamata nafasi ya kuandikisha kwa wakati. Wengi wanaiita sipletifu. Kisha unarudi nayo komini ili iandikwe. Hapo kuko feza, kuko siku za kazi unapoteza, kuko kutafuta watu wa kushuhudia. Kwa mama anayeuzisha makala pa njia, siku moja ya tribinali ni siku moja bila bunga nyumbani.

Na si sisi tu. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba mu Kongo yote, kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, karibu 40 tu ndio walikuwa wameandikishwa. Basi hata wale ambao hawakukimbia vita wanasahau. Lakini sisi tuna mzigo wa pili. Mtu ambaye hakukimbia, wazee wa kartie wanamjua, masomo yanamjua, padri alimbatiza na kitabu kiko. Mtoto wetu alizaliwa ngambo, au alizaliwa hapa kwa mama aliyezaliwa ngambo. Akiulizwa «wewe ni wa wapi?», hana mtu mwingine wa kumjibia isipokuwa sisi na karatasi.

Tunasahau pia kwa sababu mwanzoni karatasi haionekani kuwa na kazi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serkali ni bule, na wengi wa watoto wetu waliingia darasa la kwanza bila mtu kuuliza akti. Ulizo linakuja nyuma: ku mtihani, ku kazi, ku safari, ku mambo ya urithi wakati baba amekufa. Linakuja siku ambayo huna wakati tena.

Marafiki wetu wa ma klabu ya huduma wako hapa leo, na ninataka kusema neno juu ya kazi yao. Mnajua Rotary, iko mu muji huu kama ilivyo mu miji mingi. Tangu 1985 ma klabu ya Rotary duniani yalikamata kazi ya kufukuza polio. Wote tumeona vile chanjo ya polio inafanyika kwetu: hawangojei mtoto alemae. Wanapita lupango kwa lupango, wanauliza «Kuko mutoto hapa?», wanamtia matone mu kinywa, wanamchora kidole na wino, wanaendelea. Matone mawili. Kisha mtoto akilemaa, hakuna matone ya kumsimamisha. Ni kutafuta kigari, ni gharama ya maisha yote.

Mimi ninasema karatasi iko vile. Mbele ya siku 90 ni nauli ya taksi kuenda na kurudi. Kisha siku 90 ni tribinali. Sisi, chama maskini, tunachagua kulipa pale panapokuwa bei kubwa.

Nilipoanza kusema mambo haya mu komite, mzee wetu mmoja wa Pweto aliniangalia, akaniambia: «Mama, mi nilizikaka ndugu yangu mu njia. Hakukuwa sanduku, hakukuwa padri. Kitenge tu ya bibi yangu. Njo maana niliingia mu chama hii. Sasa unataka mi pia banizike mu kitenge?»

Yuko hapa, ameketi mbele, na amenipa ruhusa ya kusema maneno yake. Siku ile sikupata jibu. Nilirudi nyumbani nikafikiri wiki nzima. Maana ni kweli: chama hiki kilizaliwa kwa sababu ya wale tuliowaacha pembeni ya barabara. Kila mmoja wetu ana wake. Tuliposema «hakuna mwanachama atazikwa kama mtu asiye na watu», tulisema neno kubwa, na mimi sitaki neno lile livunjwe.

Basi, baba, jibu langu ni hili. Sanduku lako linabaki. Gari lako linabaki. Karatasi ya kuzika, shimo, na maombi, vyote vinabaki. Tumekaa na vitabu vya hesabu, tukaona kwamba feza kubwa ya kilio haiendi ku sanduku wala ku gari. Inaenda ku chakula cha wale wanaokuja kulala ku kilio, siku ya pili na siku ya tatu. Ninaomba chama kilipe chakula cha siku ya kuzika tu. Siku zingine, kila mwanachama anayekuja alete kitu: meka ya bunga, makala kidogo, chumvi. Ndivyo tulivyofanya mu Kala, hakuna aliyekuwa na chama, na wafu wetu walililiwa.

Kwa hiyo ninaleta mambo matatu, mtayakata ninyi.

La kwanza: kwa kila franka 5.000 za mchango wa mwezi, franka 1.000 zinaingia mu kitabu cha pembeni, kitabu cha karatasi. Zikitoka, zinatoka kwa nauli na kwa tribinali tu, na mtaona kila jina mu hesabu.

La pili: kila kartie ambamo tuna wanachama ichague mama mmoja. Kazi yake ni kujua nani ana mimba, nani amezaa, na kuandika siku ya 90 mu daftari lake. Mzazi akichelewa, yeye njo anapiga mlango, na siku ya kuenda komini anafuatana naye. Wengi wetu tunaogopa ofisi; tunafika pa mlango, mtu anauliza kwa Kifaransa, tunarudi. Wawili hawarudi.

La tatu: kwa wale ambao siku zimekwisha kupita, tutaanza na watoto walio karibu kumaliza masomo ya msingi na vijana wanaokaribia diploma. Mjukuu wangu atangoje zamu yake. Ana miaka miwili, wako wengine ambao hawana wakati wa kungoja. Na kila mzazi alinganishe majina: ku bulletini, ku kadi ya Zambia, ku karatasi ya HCR. Mukiona «Ch» huku na «Tsh» kule, mseme sasa, mbele ya hukumu kutoka.

Kwa marafiki wanaotusaidia: blanketi na sabuni mlizoleta zilifaa, na hatuzikatai. Lakini mkituuliza leo tunahitaji nini kwanza, tutasema: mtu mwenye kujua sheria atusaidie siku mbili kwa mwezi, na nauli. Havitaonekana vizuri mu picha. Picha yake itakuwa kijana ambaye kampuni inamuomba karatasi, na yeye anaitoa mu mfuko siku ileile.

Wandugu, tutapiga kura kisha kahawa. Mzee wetu ameniambia kwamba bado hajakata, na ana haki. Mimi ninaomba neno moja ambalo halihitaji kura: ku ile meza pa mlango kuko daftari jipya. Kila mwenye mtoto ambaye hajafikisha miezi mitatu, mbele ya kutoka apite pale, aandike jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Kesho kutwa saa mbili asubuhi nitakuwa mbele ya komini, na nauli iko mu mkono wangu.