Kifafa: Seli za Ubongo Zinapokosa Breki

(Mazungumzo ya mganga wa zahanati mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili)

Niliombwa nieleze kwa nini kwenye bajeti ya zahanati kuna kifungu cha dawa ya kifafa kinachorudi kila robo mwaka bila kupungua. Swali ni la haki. Lakini ili kulijibu inanibidi niwaingize kwanza ndani ya ubongo.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa binti aliyeungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anakoroga uji, kifafa kikamshika, akaangukia mafiga. Watu watano walikuwapo pale, na hakuna aliyemvuta. Walihofia lile povu la mdomoni, wakiamini kwamba ukiligusa nawe utaanguka. Povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kumshika mgonjwa, wala kwa kula naye sahani moja.

Basi kinatoka wapi? Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli ya neva ina mwili mdogo na mkia, na mikia mingine ni mirefu ajabu, inatoka uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi kidogo kuliko nje, tofauti ya milivolti 70 hivi. Betri moja ya tochi inauzidi umeme huo kama mara 20. Umeme huu unatokana na chumvichumvi: sodiamu nyingi iko nje, potasiamu nyingi iko ndani, na ukuta wa seli una milango midogo sana inayofunguka na kufungwa.

Mama akigusa sufuria ya moto, joto linafungua milango hiyo kwenye ncha za neva za ngozi. Chumvi inaingia na ile tofauti inapungua. Ikipungua kidogo tu, hakuna kitu. Ikishuka mpaka karibu milivolti 55, milango ya jirani inafunguka kwa mfululizo, na wimbi la umeme linakimbia hadi mwisho wa mkia. Hakuna nusu ya ujumbe. Moto mkali hauleti wimbi kubwa zaidi, unaleta mawimbi mengi zaidi kwa sekunde moja.

Mwisho wa mkia kuna uwazi. Seli mbili hazigusani. Kati yao kuna nafasi ndogo mno, kama sehemu 20 za milioni moja za milimita. Umeme hauruki hapo. Badala yake seli inamwaga kemikali, nayo inavuka na kufungua milango ya seli ya pili. Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana kifafa kiko hapa. Kemikali hizo si za aina moja. Nyingine, kama glutameti, zinaisukuma seli ya pili itoe ujumbe. Nyingine, hasa ile iitwayo GABA, zinaituliza. Kila seli inapokea sauti za “nenda” na sauti za “ngoja” kutoka kwa maelfu ya wenzake, na inaamua kwa jumla yake.

Fikirini gulio letu. Kila mtu anaongea na jirani yake, bei hapa, salamu pale, na biashara inakwenda. Sasa watu wote wapaze sauti neno moja kwa pamoja, tena na tena. Hapo hakuna anayeelewana na mwenzake. Hicho ndicho kifafa: kundi kubwa la seli linatoa ujumbe kwa mpigo mmoja, na ile breki ya “ngoja” inashindwa. Misuli inakakamaa na kutikisika kwa sababu imeamriwa hivyo. Chanzo chaweza kuwa kovu la ubongo lililobaki baada ya homa ya uti wa mgongo, malaria kali, ajali, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Chaweza pia kuwa mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe, na hili tunaweza kulizuia kwa vyoo na kwa kufungia nguruwe bandani. Mara nyingi chanzo hakijulikani.

Dawa tunayotumia zaidi, fenobabitoni, imetibu kifafa tangu 1912. Ni ya bei nafuu. Kazi yake ni kuisaidia GABA: mlango wa kutuliza unakaa wazi muda mrefu zaidi. Lakini inajikusanya mwilini polepole, karibu wiki tatu ndipo itulie, ndiyo maana wengine wanaiacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Kibaya zaidi ni kuikatiza ghafla. Ubongo uliozoea breki ukinyang’anywa kwa siku moja, vifafa vyaweza kufuatana bila mgonjwa kuzinduka, na mtu akafa. Kwa hiyo wiki mbili za rafu tupu kwetu si upungufu wa kawaida wa dawa.

Haya si mageni nchini. Kule Mahenge, Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianza kliniki ya kifafa miaka ya 1960, na watu waliokuwa wamefichwa wakaanza kutoka. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Anayetaka kuombewa aombewe, mimi mwenyewe naomba. Ila asiambiwe aache vidonge kuthibitisha imani yake.

Na mkimkuta ameanguka: mwondoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa. Msimbane, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5, mleteni haraka.

Ombi letu kwa kamati ni akiba ya miezi mitatu mbele, na mjumbe mmoja kila kigango wa kufuatilia aliyekosa kuja kuchukua dawa. Daftari liko pale mezani.